Kisu kilichozua ugomvi na kufichua siri ya babu

Msomaji mpenzi, umewahi kuona watu waliokula sahani moja tangu utotoni wakitaka kushikana mashati kwa sababu ya kitu ambacho ukikipeleka Gikomba hutapewa hata pesa za kilo moja ya nyama? Mimi nimeona. Wala si kwa majirani. Ilikuwa nyumbani kwetu, kule milima ya Taita, wiki moja baada ya kumzika baba yangu mwaka 2023.

Mali ya marehemu haikuwa nyingi. Shamba alikuwa amekwisha kuligawa angali hai, ng'ombe alikuwa mmoja tu, na vitabu vyake, kwa kuwa alikuwa mwalimu, havikugombewa na mtu. Mambo yalikwenda shwari hadi mama alipofungua sanduku la bati na kutoa kisu cha kukunja kilichofungwa katika kitambaa cha khaki. Akanigeukia mbele ya watu wote na kusema, "Baba yako aliniachia neno kwamba hiki ni chako."

Kabla sijanyosha mkono, baba mkubwa alikuwa amekwisha kusimama.

"Kisu hicho hakiendi Nairobi," alisema. "Hicho ni kisu cha Kariakoo. Kilitoka kwa babu yangu, na jina la babu yangu ninalo mimi. Isitoshe, tangu lini mtoto wa kike akarithi kisu?"

Kwa faida ya vijana wanaosoma ukurasa huu, Kariakoo ni matamshi ya wazee wetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndilo jina lililozaa mtaa wa Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, hapakuwa na barabara za kutosha wala wanyama wa mizigo walioweza kustahimili mbung'o. Risasi, unga na mahema vilibebwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa wa kuwakusanya wanaume kwa kazi hiyo. Waliofariki, wengi wao kwa maradhi na njaa, walikuwa zaidi ya 40,000.

Baba yake babu yangu alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mwaka huo wa 1917. Aliacha mke mmoja na mtoto wa kiume ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea. Mtoto huyo ndiye babu. Mpagazi huyo hakurudi. Haikuja barua, haikuja maiti, wala hakuna aliyejua alizikwa wapi. Kilichorudi, kama tulivyosimuliwa tangu tukiwa wadogo, ni kisu hicho tu, kilicholetwa na mwenzake aliyenusurika.

Sasa utaelewa kwa nini baba mkubwa alipandwa na hasira. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza wa babu, na ndiye aliyepewa jina la marehemu wa Kariakoo. Kwake yeye, kisu kile kilikuwa kaburi la mtu asiye na kaburi. Kilimpitia kando babu alipofariki mwaka 1989, kikabaki kwa baba yangu aliyekuwa akimuuguza, na kwa miaka mingi baba mkubwa alinyamaza. Alipoona kinataka kumpitia kando mara ya pili, tena kiende kwa msichana anayepanga chumba Umoja, alishindwa kunyamaza.

Mimi nami nilikuwa na yangu. Kisu hicho ndicho baba alichonichongea penseli 4 usiku wa kuamkia mtihani wa KCPE, akizipanga mezani moja baada ya nyingine bila kusema neno. Sikuwa tayari kukiachia.

Wazee walituamua kwa njia ya wazee, yaani walituahirisha. Kisu nitakaa nacho mimi hadi Krismasi, kisha ukoo ukutane tena. Baba mkubwa alipokuwa akitoka alinigeukia akasema, "Wewe ni mwandishi wa magazeti. Basi kaandike historia ya kisu hicho, ndipo utajua ni cha nani."

Maneno hayo niliyachukua kwa uzito kuliko alivyodhani.

Nilipofika Nairobi, jambo la kwanza nililofikiria lilikuwa kukisugua king'ae. Kilikuwa kimeshika kutu na kujaa uchafu mweusi wa miaka. Nilikwenda kwenye duka moja la vyuma karibu na River Road kununua msasa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, aliniuliza msasa ni wa kazi gani. Nilipomwonyesha kisu alirudisha msasa kwenye rafu.

"Binti yangu," alisema, "ukikisugua hiki utafuta cheti chake cha kuzaliwa."

Nakuomba msomaji, neno hilo ulishike kama una kitu cha aina hiyo nyumbani. Kisu cha zamani hubeba habari zake mwilini: jina la aliyekitengeneza, mji, nchi, na mara nyingine mwaka. Habari hizo hupigwa muhuri kwenye shina la ubavu wa kukatia, pale karibu na mpini, na muhuri huo si wa kina kirefu. Msasa huumaliza kwa dakika moja. Yule mzee aliniuzia chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Akaniagiza nikipake mafuta kwenye maungio, nikiache usiku kucha, kisha nifute kwa kitambaa laini tu, nirudie hivyo hata siku tatu bila haraka.

Nilifanya kama nilivyoagizwa. Siku ya tatu kisu kilifunguka chenyewe kama mlango uliotiwa mafuta. Hapo ndipo nilipokiona vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kilikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, ubavu wa kukatia ambao ncha yake haikuchongoka, ilikuwa butu kama kwato ya kondoo. Cha pili, kifungulia mikebe. Cha tatu, upande wa mgongoni, mwiba mnene wa chuma wenye urefu kama wa kidole changu cha kati. Utotoni tuliambiwa kuwa mwiba huo ulikuwa wa kuwachomea simba. La hasha! Mwiba wa namna hiyo hutumika kufumulia mafundo ya kamba na kuunganishia kamba zilizokatika. Mwishoni mwa mpini kulikuwa na kipete cha chuma cha kutilia kamba, ili askari akifunge kisu kiunoni kisimdondoke. Pande zote mbili za mpini zilikuwa na vibao vyeusi vyenye mistari iliyokatana kama nyavu, ili mkono wenye jasho usiteleze.

Kifungulia mikebe ndicho kilichonitia shaka kwanza. Mpagazi wa Kariakoo alilishwa unga, na hata unga wenyewe haukumtosha. Nani angempa kisu cha kufungulia nyama ya mkebe?

Nikaanza kusoma. Kwa muda wa wiki kadhaa nilikuwa mtu wa visu. Acha nikumegee machache niliyojifunza, huenda yakakufaa.

Kwanza tazama jina la nchi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1887 iliyolazimisha bidhaa za kigeni zilizofanana na za Kiingereza zionyeshe zilikotoka. Ndipo maneno ya Kiingereza yenye maana ya "imetengenezwa Ujerumani" yakaanza kuonekana kwa wingi kwenye visu. Ukikuta kisu kimeandikwa kwamba ni cha Ujerumani Magharibi, jua hakikutengenezwa kabla ya mwaka 1949, kwa sababu nchi yenye jina hilo haikuwapo.

Pili tazama kama kuna neno la Kiingereza la kuonyesha kwamba chuma chake hakishiki kutu. Chuma cha namna hiyo kilitokana na kazi ya Harry Brearley katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Kisu chenye neno hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata mwenyewe aape kwa miungu yote. Lakini usigeuze hoja hiyo kichwa chini, kwani visu vya chuma kinachoshika kutu viliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Kutu si ushahidi wa uzee.

Tatu, tazama jina la kampuni. Visu vyekundu vya Uswisi vinavyopendwa na vijana vilianza na fundi Karl Elsener katika karne ya 19, lakini jina la Victorinox lilianza kutumika mwaka 1921. Na kile kisu cha Okapi ambacho wengi wetu tumekiona kwa wachungaji na makondakta kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, kisha mwaka 1988 kikahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo Okapi ya Mjerumani na Okapi ya leo ni ndugu, lakini hawakuzaliwa chumba kimoja.

Kisu chetu hakikuwa kimojawapo cha hivyo. Jioni moja nilizima taa ya chumba, nikawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa kisu, mwanga ukapita juu ya chuma kama jua la asubuhi linavyopita juu ya matuta ya shamba. Muhuri uliokuwa haupo mchana ukajitokeza. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua polepole kwa penseli. Kwanza ikaja herufi za mwisho za jina la kampuni. Chini yake neno SHEFFIELD. Kisha alama ya mistari mitatu iliyokutana juu, kama unyayo wa kuku. Na chini ya unyayo huo, tarakimu nne.

1943.

Nilisugua karatasi ya pili, na ya tatu. Unyayo wa kuku ni mshale ambao serikali ya Uingereza imeutumia kwa karne kadhaa kutia alama mali yake, hasa ya jeshi. Kisu hiki kilikuwa cha askari, na kilitengenezwa Sheffield mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Nilitafuta njia ya kukana. Nikafikiri labda ubavu ulibadilishwa. Lakini misumari iliyobania mpini ilikuwa ya tangu mwanzo, haikuguswa na fundi. Tena visu vya aina hii vya Vita vya Kwanza aghalabu vilikuwa na vibao vya pembe, ilhali vyetu vilikuwa vya kitu cha kiwandani kama plastiki ngumu. Kila sehemu ya kisu ilitoa ushahidi uleule.

Mwaka uliopigwa kwenye kisu hauelezi kilifika lini mkononi mwa mtu. Huenda kilikaa ghalani miaka miwili au kumi. Lakini unaeleza jambo moja lisilo na mjadala: kabla ya mwaka huo hakikuwako. Na baba yake babu alichukuliwa mwaka 1917.

Msomaji, nitakiri kosa langu. Nilifurahi. Nilisimama katikati ya chumba changu nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu nilikuwa nimeshinda kesi. Baba mkubwa alidai kisu kwa jina la mtu wa Kariakoo, na mtu wa Kariakoo hakuwahi kukitia machoni. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema.

Furaha hiyo haikudumu hadi asubuhi. Kama hadithi ilikuwa ya uongo, basi hata baba yangu aliniambia uongo, naye hakuwa mtu wa uongo. Na babu aliyemwambia baba? Kisu cha askari wa Uingereza kilifikaje kwa mkulima wa mahindi ambaye sote tulijua kwamba wakati wa vita hivyo vya pili alikuwa Mombasa akipakua shehena bandarini? Aliiba? Neno hilo lilinikaa kooni. Ningeshinda kisu, nikampoteza babu.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuulizwa. Mama yake babu, baada ya mumewe kupotea, alirithiwa na mdogo wa marehemu kama desturi ilivyokuwa, na huko akazaa binti. Binti huyo ni nyanya yetu anayeishi juu ya Wundanyi. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na miaka 91. Mwezi wa Novemba nikapanda basi hadi Voi. Treni niliiogopa, kwa maana walinzi na mbwa wao wangeniuliza kisu ni cha nini, na wakati huo hata mimi sikuwa na jibu. Kutoka Voi nikachukua matatu ya kupanda mlima.

Nyanya macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilimwekea kisu mkononi bila kumwambia ni nini. Akakipapasa, akaufikia ule mwiba, akacheka.

"Huu ndio aliokuwa akifumulia kamba za mkonge," alisema. "Kumbe bado kipo."

"Nyanya, kisu hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha kaka yangu. Alikuja nacho kutoka Bama."

Bama ndivyo wazee wanavyoiita Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Nilimwambia kwamba sisi tulijua babu alikuwa bandarini Mombasa. Akasema ni kweli, alikuwa bandarini, hata siku ile alipoingia melini. Nilimwambia kwamba sisi tuliambiwa kisu ni cha Kariakoo.

"Mliambiwa hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyesema hivyo," akanijibu. "Kaa chini mjukuu wangu. Mambo haya hayasimuliwi mtu akiwa amesimama."

Walitoka wawili, alisema. Kaka yake na mtoto wa jirani, marika moja, waliotahiriwa pamoja. Wakaandikishwa pamoja, lakini wakatenganishwa: kaka akapelekwa kwenye bunduki, mwenzake kwenye mizinga. Kaka akatangulia kuvuka bahari hadi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, akapata habari kwamba mwenzake naye yuaja. Akawa anangoja. Mwenzake hakufika. Meli ilizama.

Nyanya hakujua jina la meli, lakini mimi nilipokuwa nikisoma habari za mwaka 1943 na zilizofuata nilikuwa nimekwisha kukutana nayo. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwezi wa Februari 1944 ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ikielekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huohuo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika 2 hivi. Waliokufa ni 1,297. Baadaye mwaka huohuo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekusanyika Ceylon, iliingia Burma na kupigana ikishuka Bonde la Kabaw katika mvua na malaria, hadi ikauteka mji wa Kalewa mwezi wa Desemba. Babu alikuwa katika matope hayo, na kisu hiki kilikuwa kiunoni mwake.

Alirudi nyumbani mwaka 1946. Nyanya wakati huo alikuwa msichana wa miaka 13 au 14, na anakumbuka alivyokuja na koti zito, buti, blanketi na kisu. Watu walishangilia. Jioni yake mama wa yule mwingine akaja, akasimama mlangoni, akauliza, "Mwenzako umemwacha wapi?"

"Alijua mwanawe amekufa, maana alikwisha kuambiwa," nyanya alisema. "Lakini kila alipoona koti lile au buti zile, alikuja akauliza. Leo anauliza, kesho anauliza. Kaka yangu akalipeleka koti Voi akaliuza. Buti akagawa. Blanketi akampa mama. Watu wakimwuliza habari za vita anasema alikuwa Mombasa. Kisu alibaki nacho kwa sababu kilikuwa na kazi. Siku moja yule mama akamkuta anakata kamba, akauliza, 'Na hicho nacho ni cha vita vyenu?' Kaka akamwambia, 'La, mama. Hiki ni cha marehemu baba yangu.' Yule mama akaketi. Akakishika, akasema pole, maana msiba wa Kariakoo ulikuwa wa kila nyumba. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena."

Nilimwuliza nyanya kwa nini basi babu hakuwaambia watoto wake ukweli baadaye, yule mama alipofariki.

"Nilimwuliza hivyohivyo," alisema. "Nikamwambia, kaka, mbona unawadanganya watoto? Akanijibu, 'Baba hana kaburi. Hana hata kijiti cha kuonyesha alipolala. Mwache awe na kisu.'"

Msomaji mpenzi, nilishuka mlima ule nikiwa nimenyamaza. Niliporudi Nairobi nilikwenda Kenyatta Avenue kutazama ile sanamu ya watu watatu, ambayo kila siku tunaipita tukikimbilia ofisini. Mmoja wao ni mpagazi, hana bunduki. Nilizunguka jiwe lote nikitafuta. Yapo maandishi, hata ya Kiswahili, lakini jina la mpagazi hata mmoja halipo. Nikamwelewa babu.

Krismasi ikafika. Nilikuwa na karatasi zangu za penseli mfukoni, na ningeweza kuzitandaza mbele ya ukoo mzima baba mkubwa akaaibika. Badala yake nilimwomba anisindikize hadi kisimani kabla wazee hawajakusanyika. Nikamwonyesha muhuri, nikamsimulia aliyoyasema nyanya, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe akakunja na kukunjua kisu mara nyingi. Kisha akasema, "Ndiyo maana alikataa feri."

Nikamwuliza feri gani.

Akanisimulia kwamba walipokuwa wavulana, yeye na baba yangu, babu aliwapeleka Mombasa kumtazama jamaa aliyekuwa akiishi ng'ambo ya Likoni. Walipofika kwenye feri, babu alisimama. Akawakabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka, akawaambia watangulie. Wakadhani atafuata feri ya pili. Walishinda ng'ambo mchana kutwa, na waliporudi jioni walimkuta amesimama palepale walipomwacha, shati limelowa jasho. Kwa miaka yote, kila walipokutana wao wawili, walikuwa wakicheka kisa hicho: mtu wa milimani anaogopa maji!

"Tulimcheka hadi uzeeni," baba mkubwa alisema. "Baba yako amekwenda bila kujua."

Tulikaa pale hadi watu wakaanza kutuita. Kabla ya kuinuka aliniuliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake. "Kwa hiyo babu yangu, niliyepewa jina lake, hakuacha kitu?" Nilimwambia kwamba mwanawe alimwachia kisu chake mwenyewe, kilichovuka bahari na kurudi, na akanyima hata nafsi yake sifa ili baba yake apate kukumbukwa. Sijui kama hilo ni jibu. Aliniangalia kwa muda, akatia kisu katika kitambaa chake cha khaki, akanirudishia.

Mbele ya wazee alisema maneno machache tu: kisu kikae kwa binti, maana ndiye aliyekisoma, lakini kila Krismasi kije nyumbani. Hakuna aliyeuliza sababu. Habari yenyewe tuliwaeleza jioni, baada ya chakula, na yeye ndiye aliyesimulia sehemu ya feri.

Wewe je? Huenda kabatini kwenu mna saa isiyotembea, kitara, birika la shaba, redio ya mbao au kisu kama hiki. Usikimbilie msasa. Tia mafuta, tafuta muhuri, laza mwanga ubavuni, chukua karatasi na penseli. Ukipata mwaka, uulinganishe na yale uliyosimuliwa. Vikikubaliana, shukuru. Visipokubaliana, usiseme mara moja kwamba mtu alidanganya, bali panda gari ukamwone mzee aliyebaki, leo kabla ya kesho. Chuma kitangoja miaka 80. Mzee hawezi.

Mimi nimekitengenezea kisu chetu kikaratasi, nikakifunga kwenye kile kipete cha mwishoni mwa mpini ili atakayekuja baadaye asihangaike. Nimeandika: "Kilitengenezwa Sheffield, Uingereza, 1943. Kilikuwa cha babu, askari wa Burma. Yeye mwenyewe alisema ni cha baba yake, aliyekwenda Kariakoo mwaka 1917 asirudi. Yote mawili yahifadhiwe."